Mama mkwe anatibu nyumba nzima na tangawizi, lakini vidonge vyake vya presha amevificha

SWALI

Shangazi habari yako. Naomba usiweke jina langu juu mama mkwe hasomi hizi vitu lakini wifi yangu anasoma kila kitu.

Mimi niko Nakuru, upande wa Free Area, nimeolewa na mtu wa Kakamega, tuko na mtoto mmoja wa miaka minne na sasa niko na mimba ingine ya miezi miwili na kitu. Hii mimba imeniweka chini kabisa. Nikiamka tu ni kichefuchefu, nikiskia mafuta ya kupika kwa jirani natapika, nikipiga mswaki natapika, hata ugali ikiiva siwezi kaa kwa nyumba. Ya kwanza haikuwa hivi. Bwanangu alipoona hali akaita mama yake atoke ushago aje asaidie na mtoto, na niseme tu ukweli huyo mama ni mtu mzuri, hana maneno mingi, anaosha, anapika, mtoto anampenda. Shida ni tangawizi.

Alikuja nayo kwa gunia, anasema ni ya shamba yake. Saa hii kila kitu kwa hii nyumba iko na tangawizi, chai, uji, nyama, hadi maji ya kunywa anachemsha nayo anaweka kwa thermosi halafu anasimama hapo anangoja nimalize kikombe. Mtoto akikohoa kidogo anapewa tangawizi na ndimu na asali. Bwanangu naye amepata nguvu ya kununua zile chupa ndogo za tangawizi na saumu na pilipili zinauzwa huko tao, eti zinapunguza tumbo na zinasaidia mwanaume, anakunywa kabla hajakula kitu, halafu usiku analala amekaa juu ya kiungulia.

Sasa jirani yangu wa mlango wa pili aliponiona na kikombe akaniita kando, akaniambia mwanamke mjamzito hakunywi tangawizi, inachoma tumbo na inaweza toa mimba, na huyo mama mkwe ama hajui ama anajua. Shangazi hiyo maneno ya "ama anajua" imenikosesha usingizi. Nikipewa kikombe namwaga kwa sinki akigeuka, halafu naskia vibaya juu naona venye ameamka saa kumi na moja kunichemshia.

Juzi pia maziwa ilikatika. Nilitoa kwa ATM ya maziwa hapo stejini, mama akakwaruzia tangawizi ndani ikiwa motoni, ikageuka mabonge kama mala. Akasema hiyo maziwa ilikuwa imelala, nirudishe. Nikaenda na sufuria, nikagombana na kijana wa watu mbele ya wateja, yeye anaapa maziwa yake iko sawa. Nilirudi na aibu.

Lakini kitu imenifanya niandike ni hii. Nilikuwa natafuta sweta ya mtoto kwa begi ya mama nikapata dawa zake za presha, karatasi nzima nzima, hazijaguswa. Nikamuuliza kwa upole, mama dawa unameza? Akasema hizo dawa zinamkojoza usiku kucha na zinampa kizunguzungu, na tangu aanze kunywa tangawizi na saumu kila asubuhi kichwa haimuumi tena, kwa hivyo presha imeisha. Halafu akaniomba nisimwambie mwanawe, juu atapiga kelele.

Sasa niko na siri ya mtu mzima, niko na tumbo, na sijui kama ninachokunywa ni dawa ama ni sumu. Kliniki bado sijaanza, nilikuwa nangoja hii kutapika ipungue kwanza. Nisaidie.

Bibi ya Mluhya, Nakuru

JIBU LA SHANGAZI

Mwanangu, pole, na hongera pia.

Nianze na jirani nimalizane naye. Mtu ambaye amebeba gunia kwa matatu kutoka Kakamega hadi Nakuru, anaamka saa kumi na moja kukuchemshia maji, si mtu anataka mjukuu wake atoke. Hiyo "ama anajua" ni uchonganishi, na ukiikaribisha ndani itakaa hadi huyu mtoto aanze shule. Mwambie jirani asante kisha usirudie hiyo story na yeye.

Ila hofu yenyewe ya tangawizi na mimba hajaitunga yeye, hata huku Kisumu naiskia, na inastahili jibu. Wanawake wengi waliotumia tangawizi miezi ya kwanza wamefuatiliwa kwa tafiti nchi mbalimbali, na haikuonekana kwamba mimba zao zilitoka zaidi ama watoto wao walizaliwa na kasoro zaidi kuliko wa wengine. Uingereza mwongozo wao wa huduma za wajawazito unaitaja kabisa tangawizi kwa mama mwenye kichefuchefu cha kawaida ambaye hataki kuanza na vidonge. Lakini hapo tunaongea kuhusu kiasi, si thermosi ya lita mbili. Kiasi ambacho kimejaribiwa sana ni kama gramu 1 ya unga kwa siku nzima, ikigawanywa mara tatu ama nne, na gramu 1 ni kama nusu kijiko cha chai kikiwa kimesawazishwa juu. Ukitumia mbichi unaweza kupita hapo kwa sababu sehemu kubwa ya tangawizi mbichi ni maji, kwa hivyo kipande cha kama ncha ya kidole gumba kwa siku kinatosha, ukikigawa kwa vikombe vitatu. Ikikauka ile kemikali inayowasha, inaitwa jinjeroli, inageuka ingine kali zaidi, ndio maana unga kidogo tu unakuchoma koo kuliko mbichi, usiupimie kwa macho.

Na usitarajie miujiza. Inasaidia kile kichefuchefu, ile hali ya moyo kuchafuka, zaidi ya inavyozuia kutapika kwenyewe. Wengine wanaskia afadhali baada ya siku chache, wengine hawaskii kitu, na wengine inawaletea kiungulia, ukiwa wa hao wacha, hakuna haja ya kujitesa ili umfurahishe mtu.

Vile ningefanya ni hivi. Kata tangawizi vipande vyembamba kama karatasi, weka kwa kikombe, mimina maji yaliyochemka, funika dakika tano hadi kumi, halafu kunywa kidogo kidogo ikiwa vuguvugu. Usikunywe kikombe kizima kwa mpigo tumbo likiwa tupu, hata maji matupu yatarudi hivyo. Kabla hujatoka kitandani tafuna biskuti kavu ama kipande cha mkate, ukae kidogo ndio usimame. Kula kidogo kila baada ya muda mfupi, na vitu baridi, kiazi kitamu cha jana, ndizi, juu chakula baridi hakinuki. Mswaki piga baadaye, si lazima iwe kitu ya kwanza asubuhi. Na mama akisimama hapo na kikombe usimwage kwa sinki, mwambie tu mama nipunguzie, nusu kikombe ndio inakaa tumboni, hiyo mama yeyote aliyezaa ataielewa.

Kama unatafuna yale mawe ya sokoni ili usitapike, yale tunaita odowa huku kwetu, wacha. Yanapunguza damu na huwezi jua yamechimbwa wapi.

Kuna kutapika ambako si kwa kawaida na hapo tangawizi haina kazi. Ukikaa siku nzima hata maji hayakai, mkojo umekuwa wa rangi ya chai ama hautoki, ukisimama unaona giza, nguo zinalegea kwa kukonda, nenda hospitali wakuwekee drip, hawatakushangaa, wanaona hiyo kila siku. Damu ikitoka chini hata kidogo, ama tumbo likuume upande mmoja, nenda siku hiyo hiyo. Na mkienda ushago halafu urudi na homa, usikubali mtu akwambie ni baridi unywe dawa ya ndimu na tangawizi, Kakamega kuna malaria na malaria kwa mjamzito ni mbaya, pimwa.

Sasa begi ya mama.

Presha mara nyingi haina dalili. Mtu anatembea na 180 kwa 110 anaimba kwaya, anachimba shamba, hakuna mahali panauma. Kichwa kuacha kuuma hakumaanishi presha imeshuka, ni kama kusema bili ya stima imelipwa kwa sababu taa bado inawaka. Kipimo ni kile kimashine cha kufunga kwa mkono, basi. Tangawizi, ndiyo, kuna tafiti zilizoonyesha inaweza kushusha presha, lakini ni alama chache, na hao watu walikuwa wanameza kiasi kilichopimwa kila siku, si kukwaruza kwa uji. Kwa mtu ambaye daktari ameshamwandikia vidonge, hizo alama chache hazimfikishi mahali pa usalama. Na akipata stroki mkono na mdomo ukaenda upande, hakuna gunia litaurudisha. Saumu vilevile, ni chakula kizuri, lakini asiihesabu kama kidonge.

Lakini skia, mama amekupa sababu mbili na zote ni za kweli, usizipuuze. Moja ni ile ya kukojoa usiku. Kuna vidonge vya presha ambavyo kazi yao ni kutoa maji na chumvi mwilini, na ukivimeza jioni utakesha ukienda choo, na kama choo iko nje ya nyumba huko ushago usiku wa mvua, mimi mwenyewe ningevificha kwa begi. Vingi vya hivyo humezwa asubuhi. Huenda hakuna mtu aliyekaa chini akamweleza, ama alielezwa haraka kwa foleni ya watu themanini. Nyingine ni kizunguzungu, na hiyo inaweza kuwa dozi ni kubwa ama anasimama haraka akitoka kitandani. Hizo zote ni vitu vya daktari kubadilisha, kuna dawa za presha za aina nyingi na nyingi si ghali. Kitu hatakiwi kufanya ni kuacha zote kimya kimya. Pia asianze kumeza mbili mbili kufidia zile aliruka.

Na muulize kama kuna dawa ingine anatumia. Kama ni ya sukari, tangawizi nyingi pamoja na hizo vidonge inaweza kushusha sukari kidogo, aangalie. Kama kuna siku aliwahi kupewa dawa ya kufanya damu isigande, warfarin na jamii yake, hapo tangawizi nyingi kila siku madaktari wanaionya, kuna visa vya damu kuwa nyepesi kupita kiasi. Akiona fizi zinatoka damu ama alama nyeusi kwa ngozi bila kugongwa, hiyo haingojei. Mwenye mawe kwa nyongo pia aulize daktari kwanza, na mtu anayeenda kufanyiwa upasuaji aseme anatumia nini, aseme hata chai yake.

Tukiachana na ugonjwa, yule kijana wa ATM ya maziwa mlimwonea. Maziwa yake ilikuwa sawa. Tangawizi mbichi ina enzaimu inayovunja protini, na ukiikwaruzia kwa maziwa ambayo yamepata moto lakini hayajachemka, yanaganda mabonge, hata yangekamuliwa dakika hiyo. Kusini mwa China wanafanya hivyo makusudi, wanamimina maziwa moto yenye sukari juu ya maji ya tangawizi wanangoja yagande halafu wanakula na kijiko. Kwenye chai yetu dawa ni mpangilio. Weka maji kwa sufuria, ponda tangawizi ndani, ichemke vizuri dakika chache, moto unaua hiyo enzaimu, kisha majani, na maziwa ndio yaje mwisho. Wale wanauza chai kwa vibanda asubuhi wanajua hii hata kama hawajui sababu, angalia utaona hakuna anayetupa tangawizi mbichi kwa maziwa vuguvugu. Unga uliokauka na ukapashwa hauna hiyo shida sana.

Hiyo hiyo enzaimu ndio inafanya nyama ya mama ilainike, ukidhani ni uzoefu wake wa jiko. Ng'ombe ngumu ile ya kilo ya mwisho kwa bucha, paka tangawizi iliyokwaruzwa, wacha nusu saa hadi saa moja, utaona. Usilaze usiku mzima, nje itakuwa kama uji na ndani bado iko ngumu. Kwa ingokho mzee haisaidii sana kupaka, kuku wa kienyeji anataka tu muda na moto mdogo, lakini tangawizi na saumu kwa mchuzi wake, nani atakataa. Huku kwetu samaki na omena hatupiki bila hiyo, inakata ile harufu, omena unaiosha na maji moto, unaikaanga ikauke, halafu nyanya na kitunguu na tangawizi iliyopondwa. Sikwambii upike wewe na hiyo hali yako, mwambie mama apikie nje.

Na kwa vile mko na gunia, lisiozee hapo. Zile ngumu zenye ngozi imenyooka weka kwa mchanga mkavu ama kwa karatasi mahali hewa inapita, zitakaa wiki nyingi. Zilizojikunja kunja bado ni nzuri, zenye ukungu ama zimekuwa laini kama zimechemshwa tupa nzima, usikate upande mbaya ukala mwingine. Nyingine osha, kata nyembamba, anika juani mpaka zivunjike zikikunjwa, saga. Kumenya tumia upande wa kijiko, kisu kinakula nyama nusu. Ukitaka kupanda kwa gunia hapo ploti usijisumbue sana, inataka joto na mvua na miezi minane hadi kumi, Nakuru baridi itakusumbua, wacha mama apande Kakamega akuletee.

Mtoto wa miaka minne kupewa ndimu na asali na tangawizi nyepesi hiyo si mbaya, inatuliza koo, ila iwe nyepesi kweli, mtoto akikunja uso imezidi. Asali kwa mtoto ambaye hajafika mwaka mmoja hapana kabisa, nasema juu unangojea mwingine na najua mkono wa bibi na asali. Kuna viini kwa asali ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kupigana navyo, vinaweza kumlegeza mwili mpaka ashindwe kupumua. Na mkubwa akihema haraka ama mbavu zikiingia ndani akivuta pumzi, hiyo si ya kikombe, ni hospitali.

Bwanako na chupa zake. Tangawizi haiyeyushi tumbo, hiyo tumbo ni ugali na soda na kukaa, na mambo ya mwanaume kama kuna shida kweli aende aonwe, mara nyingi ni sukari ama presha iko nyuma yake, na ukiangalia mamake ana presha basi yeye pia apimwe. Pilipili na saumu na tangawizi tumbo likiwa tupu ndio inamlaza amekaa. Awache wiki mbili aone. Kiungulia kikiendelea, ama choo kikawa cheusi kama lami, apimwe vidonda vya tumbo, vingi vinaletwa na kijidudu na vinatibiwa na dawa za wiki mbili hivi, vikapona.

Sasa siri. Hukuapa, uliombwa tu, na hata ungekuwa umeapa hii si siri ya kuweka. Lakini usiende kwa bwanako leo usiku umripue mama, atapiga kelele kweli kama alivyosema, mama atakasirika apande gari, na vidonge vitabaki kwa begi hiyo hiyo. Mwambie mama mwenyewe kwanza.

Na hapa kliniki inakusaidia, juu mwanangu umekosea kungoja kutapika kupungue. Kliniki ya kwanza inafaa kuwa kabla ya wiki 12, na wewe uko hapo hapo. Mwambie hivi, mama mimi naogopa kwenda peke yangu na hali hii ya kutapika kwa gari, nisindikize. Hatakataa. Beba kitambulisho, muende asubuhi mapema. Wewe watakupima damu, mkojo, uzito na presha, na utapewa vidonge vya kuongeza damu. Hivyo usimeze na chai, majani ya chai yanazuia madini ya chuma yaliyo kwa hivyo vidonge yasiingie mwilini, hata iwe chai ya tangawizi namna gani, meza na chakula ama ukienda kulala, na chungwa ukipata. Vikikuongezea kichefuchefu waambie, usiviache kimya ukavificha, maana hapo mtakuwa wawili kwa nyumba moja.

Ukimaliza kupimwa presha mwambie nesi na huyu mama yangu pia mnipimie, na kama hapo hawapimi asiyekuwa mgonjwa wao, kemisti nyingi tao wanapima kwa pesa kidogo. Ubebe hizo karatasi za dawa, au bora mama azibebe mwenyewe, azionyeshe, aseme kukojoa na kizunguzungu kwa mdomo wake. Mwambie nesi pia habari ya tangawizi na saumu bila kumsema vibaya, aulizwe anakunywa kiasi gani. Mtu akisikilizwa hivyo mara nyingi anakubali, na akikubali muombe aweke vidonge hapo kando ya thermosi, akichemsha ya asubuhi anameza, tangawizi yake iendelee.

Baada ya hapo mpe siku mbili tatu amwambie mwanawe yeye mwenyewe, na asiposema utasema wewe ukiwa umemwambia kwamba utasema. Lakini kipimo kikisoma 180 kwa 110 ama zaidi, akae dakika tano arudiwe, na ikiwa bado iko huko juu msirudi Free Area, pitilizeni hospitali siku hiyo, na bwanako umpigie simu mkiwa kwa bodaboda ama kwa foleni, umwambie mko wapi na aje na pesa kidogo.